Dari Iliyokwenda Baharini

Mwenzangu uliyepewa kadi ya kliniki juzi, maneno haya ni yako. Kama umeificha chini ya nguo kabatini ili mtu asiione, usijione mjinga. Yangu ilikaa wiki nzima ndani ya mfuko wa vifungo. Sitakueleza ugonjwa ni nini wala umetoka wapi. Waulize madaktari, ndiyo kazi yao. Mie nitakueleza habari za benchi, za vidole, za mume aliyekuwa haniangalii, na za kayaki niliyoishona mwenyewe uani kwangu. Usicheke kwanza. Nimesema kuishona, na ndivyo ilivyokuwa.

Mie ni fundi cherehani wa Kibamba. Miaka kumi na minane nimeshona sare za kwaya, magauni ya maharusi, na suruali za wanaume wasiotaka kuambiwa wamenenepa. Mume wangu, Baba Eliza, anakata tiketi za mabasi stendi ya Mbezi Luis. Mtoto tunaye mmoja, yuko chuo Mwanza. Nyumba tulihamia kabla haijaisha, kama wanavyohamia watu wengi: madirisha yapo, dari hakuna, ukilala unatazama kenchi na bati. Plaiwudi nyembamba za dari tulishanunua. Zilisimama nyuma ya kochi miaka miwili zikimsubiri fundi, na mgeni akija nazifunika shuka.

Titi la kushoto lilitolewa kiangazi. Nilipopona kidonda nikajishonea lingine kwa mabaki ya sponji na kitambaa laini, nikalipachika ndani ya sidiria, na nakwambia bila aibu, lilikaa vizuri kuliko nililozaliwa nalo. Nikasimama mbele ya kioo nikacheka peke yangu. Kumbe Baba Eliza alikuwa mlangoni. Hakucheka. Alisema anakwenda kuangalia kama maji yametoka bombani, na siku ile haikuwa siku ya maji.

Tangu hapo akahamia kochini. Eti asije akaniumiza usingizini. Nilisema sawa. Lakini nililia, kwa sababu nilijua, au nilidhani nimejua, kwamba ameona kovu na limemshinda.

Dripu za dawa zilianza na mvua za masika. Zilikuwa sita, moja kila baada ya wiki tatu, na mpaka leo mwaka ule naukumbuka kwa dripu, siukumbuki kwa miezi. Dripu ya kwanza Baba Eliza alikuja, akakaa kwenye benchi ameshika mkoba wangu kama mtoto wa mtu. Ya pili alikuja akasimama nje. Ya tatu akasema stendi imejaa. Stendi ile imejaa tangu ifunguliwe, lakini nikaenda zangu.

Benchi utalizoea. Ukifika mapema utakuta kuna waliofika mapema zaidi, na khanga imetandazwa kumwekea nafasi mtu usiyemjua. Beba kitu cha kukalia. Beba na ndimu, uikate vipande, harufu ya dawa ikikuzidi unanusa. Mie ndimu ya kwanza nilipewa na mama mmoja ambaye hata jina sikumuuliza, na nimegawa nyingi tangu siku hiyo. Utakaa saa nne kusubiri kuitwa, kisha ukiitwa utatamani wasingekuita.

Nywele ziliondoka baada ya dripu ya pili, zikabaki kwenye taulo. Chai ikawa na ladha ya sarafu. Kucha zikawa nyeusi. Hayo yote niliyavumilia, nikasema kichwa kitafungwa kitambaa, kucha zitapakwa rangi. Lakini baada ya dripu ya nne niliamka nikadhani nimelalia mikono. Nikaikung'uta. Nikaiweka kwenye maji ya moto, na sikujua kama ni ya moto mpaka ngozi ilipokuwa nyekundu. Vidole vyote kumi vilikuwa vimekufa ganzi kuanzia kwenye ncha.

Nilijikaza siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa nashona joho la kwaya, jeupe, nikaona doa jekundu linatambaa kwenye kola. Sindano ilikuwa imepita kwenye kidole changu na mie sikusikia chochote. Nikazima cherehani, nikaifunika khanga, nikawatumia wateja ujumbe waje kuchukua vitambaa vyao. Jamani, titi nilijishonea. Vidole ningejishonea na nini?

Daktari alisema labda vitarudi, labda vitarudi baadhi, labda visirudi. Mama yangu alinipigia simu kutoka Njombe akaniambia, "Mwanangu, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Nikamjibu kwa hasira, "Mama, koleo lipo. Mkono wa mhunzi ndio umekufa."

Nikajuta, lakini sikuomba radhi siku ile. Ugonjwa ulinifanya mtu wa maneno makali, na nilikuwa mkali hata kabla yake.

Dripu ya tano ilikuwa wakati wa kipupwe, na ndiyo siku niliyokaa jirani na Mzee Selemani. Alikuwa mtu wa Lindi, anakaa Mbagala, anaumwa koo, kwa hiyo alizungumza kwa kunong'ona na sie tuliomzunguka tukajikuta tunanong'ona pia. Alinitazama nikipapasa kadi yangu iliyoanguka, naikosa, naipapasa tena.

"Shikamoo mzee. Samahani, naomba unisaidie kuiokota."

"Marahaba mwanangu. Vidole?"

"Vidole. Na mie fundi cherehani."

Akatikisa kichwa kwa huruma. Halafu akatoa mfuko wa plastiki, mle alimoweka kadi yake, akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imechakaa. Ilikuwa michoro ya vipande vyembamba virefu, na vipimo pembeni. Ningeapa ni pateni ya gauni la mtu mrefu sana.

Kumbe miaka yake ya kazi ilikuwa hoteli moja ya visiwani, akitunza kayaki za wageni. Akanieleza: ni mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, umefunikwa juu, una tundu katikati la kuingizia miguu, na unaendeshwa kwa kasia moja lenye bapa pande mbili. Mzungu mmoja alikuwa amejitengenezea ya plaiwudi, akamwachia mchoro. Mzee alipanga kuunda ya kwake akistaafu. Akastaafu, koo likaanza.

"Haipigwi misumari hii," akaninong'oneza. "Unakata vipande, unatoboa matundu ukingoni, unavishona kwa waya wa shaba. Ikishakaa umbo, ndipo unapaka gundi. We si umesema fundi?"

"Mzee, nimekwambia vidole havisikii."

"Waya mnene. Matundu unayaona kwa macho. Hapa hushoni hariri, mwanangu."

Nikamwambia sijawahi hata kuogelea. Akasema yeye hajawahi kuvaa gauni, lakini angeniona nimekaa bure angenishonesha hilo gauni. Nikacheka mpaka muuguzi akageuka. Nilirudi nyumbani na karatasi ile aliyonipa kifuani, upande wa sponji.

Kesho yake Baba Eliza alipokwenda kazini nikatoa plaiwudi moja nyuma ya kochi, nikailaza uani, nikachukua chaki yangu na tepu. Nilikuwa dhaifu, mwenzangu. Siku nzima nachora mstari mmoja. Siku ya pili naukata kwa msumeno mdogo, nakata kidogo napumzika kwenye ndoo, nakata kidogo natapika, narudi. Lakini nilikuwa na kazi! Niliamka nikijua pa kuanzia. Kama huna nguvu ya kufanya kitu kizima, fanya mstari mmoja. Hiyo ndiyo dawa pekee ninayothubutu kukuandikia.

Alirudi mapema siku ya nne akakuta bodi ya kwanza imekatwa.

"Mama Eliza! Hii si dari?"

"Ilikuwa dari."

"Yaani dari ya chumba chetu unaikata utepe utepe? Unatengeneza nini?"

"Kayaki."

"Ka-nini?"

Nikamweleza. Akashika kiuno. Akasema miaka miwili tunachomwa na joto la bati, tumebana tukanunua bodi, leo mtu anaamka anazigeuza ngalawa, na bahari yenyewe hatuioni hata kutoka juu ya paa. Alikuwa na haki yote. Lakini mie nilikuwa nimechoka, na nikayasema niliyokuwa nayo moyoni.

"Dari ya chumba chetu? Chumba gani, Baba Eliza? We unalala kochini. Mie mwenyewe sijui kama masika ijayo nitakuwepo kuitazama hiyo dari. Niache nikate."

Akavua saa, akaiweka mfukoni, akaja akashika ncha ya bodi ili isicheze wakati nakata. Tukakata mpaka jua lilipotua.

Jioni hiyo akaona damu kwenye kikombe changu cha uji. Vibanzi vya plaiwudi vilikuwa vimenijaa vidoleni na mie sina habari. Akaleta sindano kutoka kwenye boksi la cherehani, akaichoma kwenye moto wa kiberiti, akakaa kwenye kigoda mbele yangu, akaiweka mikono yangu kwenye magoti yake.

"Inauma?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hata."

Alivitoa kimoja kimoja, tisa. Ilikuwa mara ya kwanza kunigusa tangu hospitali. Ikawa desturi yetu: nikishaoga, kigoda, sindano, mikono magotini. Kila kibanzi anauliza inauma, kila kibanzi nasema hapana.

Siku ya tano au ya sita ya vibanzi, hajainua macho, akasema, "Siku ile unacheka kwenye kioo. Nilitaka kucheka na mie, nikaona kilio kinakuja. Nikaogopa ukiniona nalia utajua naamini unakufa."

"Na ulikuwa unaamini?"

"Kila siku."

"Mie nikajua umeona kovu umenichukia."

Akaacha sindano, akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "We mwanamke una akili kweli?" akasema. Usiku huo hakulala kochini.

Tukaanza kushona. Yeye anatoboa matundu kwa drili ya kuazima, mie napitisha waya wa shaba, nausokota kwa koleo. Mzee Selemani alisema kweli: kama jicho linaona, waya unapita. Pande mbili za chini zikakutana vizuri. Tukaweka za ubavuni. Tulipofika kwenye pua ya mbele, ikagoma. Mbao zilizotakiwa kukutana ncha kwa ncha zilikuwa zimepishana, na tumbo limevimba kuliko mchoro unavyotaka. Nilipima, nikapima tena. Halafu nikakaa chini nikashika kichwa.

"Nini?" akauliza.

"Nimeacha nafasi ya mshono."

"Si lazima kuacha?"

"Kwenye kitambaa, Baba Eliza! Kwa sababu unakikunja ndani! Sasa nani anakunja plaiwudi?"

Miaka kumi na minane mkono umezoea kuongeza sentimita moja na nusu kila ukingo, na uliongeza bila kuniuliza. Vipande vyote! Alicheka, mwenzangu, alicheka mpaka akajiegemeza ukutani, machozi yanamtoka, na mie nikamrushia chaki. Kukata upya hatungeweza, bodi zilikuwa zimeisha. Kwa hiyo nikafanya ninavyomfanyia mteja aliyenenepa baada ya kupimwa: nikakata kiraka cha pembe tatu, kama cha kwapani, nikakishona puani palipoacha pengo, nikapunguza kwa randa palipozidi. Tukaipiga picha tukamtumia Mzee Selemani, ambaye wakati huo alikuwa amerudi Lindi kwa binti zake. Akajibu kwa ujumbe: "Kayaki imeshiba hiyo. Afadhali. Nyembamba ingekumwaga."

Dripu ya sita nilienda na Baba Eliza, akakaa ndani, benchi la mbele. Nilipotoka nilidhani nitaruka kwa furaha, lakini nilikaa kwenye ngazi za hospitali nisitake kuondoka. Hili hawakwambii: dripu zikiisha unaogopa zaidi, maana sasa hakuna anayekufanyia kitu, unasubiri tu.

Vuli ikaingia na gundi ikakataa kukauka. Tukaingiza kayaki sebuleni, ikachukua nafasi kutoka mlangoni hadi jikoni, tukawa tunaikwepa kwa ubavu na kulia chakula juu yake. Mie napiga msasa, napaka gundi, nasubiri siku tatu, napiga msasa tena. Nywele zilianza kuota, laini kama za kichanga. Chai ikarudia ladha yake. Vipimo vya kwanza vikaja safi, na vya pili. Vidole tu. Kila asubuhi nilishika kitasa cha mlango kusikia kama kina baridi, na kila asubuhi kilikuwa kitu tu, hakina baridi wala joto. Wenzangu wa benchini walinipigia kusema vyao vimerudi. Niliwapongeza, nikikata simu nalia. Nilikuwa hai, naujua uzito wa neno hilo, lakini nilikuwa nalilia cherehani yangu na sioni haja ya kukuficha.

Kiangazi kilipofika haikubaki kazi ya kufanya. Ilikuwa imekwisha, ya rangi ya chai ya maziwa, ina tumbo kidogo na kiraka puani. Baba Eliza akachonga kasia mwenyewe kwa mbao iliyobaki, akanikataza nisiguse kazi yake. Jumamosi moja tukaifunga kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, mkia ukaning'inia nje na kitambaa chekundu, tukaenda mpaka pwani ya Kunduchi maji yakiwa yanajaa taratibu. Tukaazima jaketi la kuelea. Wanawake wanaokaanga samaki wakasogea kuangalia. Mmoja akauliza ni ya nani, Baba Eliza akasema, "Ya mke wangu. Kaishona." Wakatazamana.

Yeye ni mtu wa Makete. Katika miaka yake yote ya Dar bahari haijawahi kumvuka kifundo cha mguu, na anasema maji yenye chumvi hayana nia njema. Alinisukuma kwa mikono miwili huku amekunja suruali, akarudi mchangani haraka.

Nikapiga kasia. Kayaki ikayumba, ikatulia, ikaenda. Mungu wangu, ikaenda! Dari ya chumba changu ilikuwa imenibeba juu ya maji, na jua lilikuwa kichwani kwangu kwenye nywele mpya, na nikawaza, kama hivi ndivyo nitakavyokuwa, mzima bila vidole, basi nitashukuru, nitajifunza kushukuru. Nikavuta kasia kwa nguvu.

"Uwiii!" nikapiga yowe. "Baba Eliza! Uwiii!"

Nilipogeuka alikuwa ameshaingia. Na viatu, na suruali, na simu mfukoni, anakata maji kwa mikono kama anayefukuza mbuzi shambani. Yalimfika kifuani. Akadaka pua ya kayaki.

"Inaingia maji? Inaingia wapi?"

"Kasia lako! Hukulipiga msasa! Linachoma!"

"Yaani ndo unapiga yowe hivyo? Mie nimejua unazama, mwanamke, unataka kuniua kwa..."

Macho yakamshuka mkononi kwangu. Kasia lilikuwa magotini, mkono wangu wa kulia umefumba.

"Kinauma?" akauliza, sauti imekuwa ndogo.

"Kinauma."

"Kinauma, au umekiona kibanzi?"

"Sijafungua mkono," nikasema. "Sijakiona. Nimekisikia."

Akanifungua mkono mwenyewe. Kilikuwa pale, kwenye ncha ya kidole cha shahada, kidogo kama unywele. Akakibonyeza na nikavuta mkono. Akashika kidole cha kati akabonyeza. Bado. Cha pete, bado. Gumba, kidogo, kwa mbali. Akarudi kwenye cha shahada akakibonyeza tena, na nikamwambia, "Aa, we, inauma bwana!" na machozi yalikuwa yakitutoka wote wawili, hatuyafuti.

Kule mchangani wanawake wa samaki walikuwa wanapunga mikono, wanauliza kuna nini, mama kafanyaje.

Baba Eliza akawageukia, maji yamemfika kifuani, akapaza sauti kwa nguvu zake zote, anacheka.

"Anaumia!" akapiga kelele. "Jamani, mke wangu anaumia!"

"Sasa wacheka nini, baba?" mmoja akamjibu kwa hasira. "Mtoe!"